Mwanamke Aliyekufa Mara Kumi na Nne Bila Sauti

Haya nitakayosimulia ni ya kweli. Pale ukweli ulipokuwa mfupi nimeurefusha kidogo, kama mtu anavyofumua upindo wa gauni la msichana anayekua, lakini kitambaa ni kilekile. Asiyeamini aende Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, aulize nyumba yenye geti la kijani. Apande mpaka juu ya paa, kwenye matangi ya maji, saa ya kuanika nguo. Atamkuta mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mabega mapana, na vibanio vya nguo vimejaa mdomoni. Huyo ndiye Rosebellah wa Khayega, Kakamega. Na huyo amekufa mara kumi na nne.

Amekufa kwa homa. Amekufa kwa kuumwa na nyoka, nyoka mwenyewe akiwa wa mpira. Amesukumwa ngazini na mke mdogo wa bwana mmoja tajiri. Mara mbili amekufa kwa huzuni tu, bila ugonjwa wowote, jambo linalowashinda hata waigizaji wakubwa wanaopakwa poda na watu watatu. Maana kazi ya Rosebellah, ukiacha ile ya kufagia, kupika na kupiga pasi, ni kuigiza katika tamthilia za Waarabu zile zinazotoka kila Ramadhani. Ameigiza miaka ishirini na miwili. Amekuwa yaya, mpishi, mkunga, ombaomba, mpiga ngoma wa harusini, mchawi mara tatu, na bibi wa watu wengi kuanzia akiwa na miaka thelathini, kwa sababu ukimfunga kitambaa cheusi na kumchora mistari miwili mdomoni anazeeka papo hapo.

Siku moja alikuwa maiti kitandani, kamera inaenda, na inzi akatua puani mwake. Inzi akatembea kutoka pua mpaka kope, akarudi, akasimama juu ya mdomo akasugua mikono kama wanavyofanya inzi. Rosebellah hakutikisika. Dakika ishirini nzima. Mwisho inzi mwenyewe aliondoka kwa adabu, akirudi kinyumenyume, kama mtu anayetoka chumba cha msiba. Na tamthilia ile ilipooneshwa, jirani wa nyumba ya tatu alikutana na Rosebellah asubuhi akitoa taka, akaangusha mfuko wa mikate akakimbia.

Sasa nianze mwanzo, nisije nikaanzia kwenye kufa.

Alipofika Jeddah alikuwa ameacha nyumbani mtoto wa miaka mitatu, Shirleen, mikononi mwa mama yake, Mama Damaris. Kafili wake, yaani bwana aliyemwajiri, alikuwa karani bandarini, mtu mpole wa kukohoa, na mkewe ndiye Madam Nawal. Madam Nawal hakuwa mbaya. Alikuwa tu mtu wa kusahihisha. Alisahihisha mchele, alisahihisha mapazia, alisahihisha daktari. Kwake Rosebellah ni jina refu la bure, akalikata likawa Roza.

Mwaka ule wa kwanza watu wa tamthilia walikodi nyumba ya jirani, ile yenye chemchemi ya maji uani. Mwongozaji wao aliitwa Mazin, wakati huo mwembamba na mwenye nywele. Asubuhi moja yule aliyetakiwa kuigiza mjakazi alizirai kwa joto. Mazin akiwa anashika kichwa alitazama juu akamwona Rosebellah kwenye paa la pili, anaanika mashuka. Akaja mlangoni kwa Madam Nawal, akaomba kuazima mfanyakazi wake kwa saa moja, vilevile kama mtu anavyoazima ngazi. Madam akakubali kwa sharti kwamba arudishwe kabla ya chakula cha mchana, na asirudishwe na rangi usoni.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Alete sinia la chai, asikie kwamba bwana wa nyumba amekufa njiani, aangushe sinia. Rosebellah akaleta sinia, akasikia, akalishika sinia kwa nguvu zaidi. Mazin akamweleza tena. Akaleta tena, akasikia tena, macho yakajaa machozi ya kweli, lakini sinia halikuanguka. Bilauri sita za watu, zenye mstari wa dhahabu, aziangushe kwenye marumaru, kisha akafanye kazi wapi tena? Mara sita walijaribu. Mara ya saba akasikia habari ya kifo, akainama, akaliweka sinia chini taratibu, akalifunika kwa kitambaa lisiingie vumbi, ndipo akaanguka yeye. Alianguka kama gunia lililokatwa kamba. Mazin akasema haitarudiwa. Watu waliitazama wakalia, na hasa pale alipofunika chai.

Toka hapo ikawa kila mwaka anaazimwa.

Lakini katika miaka yote ishirini na miwili, hakuna aliyewahi kumsikia.

Al-Nuzha iko karibu na uwanja wa ndege. Ukisema neno moja, ndege inapita. Ukisema la pili, inapita nyingine. Kwa hiyo maneno yaliyosemwa pale yalirudiwa baadaye studio. Waigizaji wakubwa waliitwa wakarudie wenyewe. Rosebellah hakuitwa. Kiarabu chake ni cha jikoni, kile tunachokijua sote tuliowahi kuosha sufuria za Waarabu: *mafi* ya hakuna, *halas* ya basi imekwisha, *yalla* ya twende, na Kiluhya kikipita katikati kama mbuzi sokoni. Mazin alikuwa na mwanamke wake wa kutia sauti studio, mwenye sauti laini ya bibi harusi, na huyo ndiye aliyemsemea. Rosebellah akifungua mdomo, inatoka sauti ya mwingine. Hata akikoroma kabla ya kufa, mkoromo ni wa yule bibi. Na sauti yake mwenyewe Rosebellah si ya kuficha. Ni nzito, ina mchanga chini, ni sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya mto na kuitikiwa.

Jambo hilo lisingekuwa kitu, kama si Mama Damaris.

Mama Damaris alipoteza macho miaka tisa iliyopita. Yalianza na ukungu, ukungu ukawa ukuta. Shirleen, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea, alikuwa akipata vipande vya tamthilia kwenye simu anamwekea bibi yake karibu na sikio: "Kukhu, sikiliza, mama yuko kwa TV." Mama Damaris anasikiliza sauti ile ya bibi harusi mpaka mwisho, anasukuma simu.

"Huyo si wangu," anasema. "Huyo hajawahi kula ugali."

Wakimweleza habari ya kutiliwa sauti anacheka. Kwake ilikuwa wazi: Rosebellah huko anasugua vyoo, anaona haya kusema, ndipo ametunga habari ya televisheni. Na hakukasirika, hilo ndilo lililouma zaidi. Simu ikipigwa anamwambia polepole, "Mwanangu, kusugua si dhambi. Usinidanganye tu." Rosebellah anaapa. Mama anasema sawa, sawa, kama anavyoambiwa mtoto aliyesema ameona simba. Mama Damaris ana miaka themanini na moja, na kifua chake si kizuri. Rosebellah aliniambia tukiwa tunakunja mashuka, yeye upande wake wa ukuta wa paa na mimi, wa nyumba ya jirani, upande wangu, kwamba haogopi mama yake kufa. Anaogopa mama yake afe akijua amezaa mwongo.

Basi mwaka jana Mazin akapiga simu. Sasa hana nywele na ana tumbo. Alikuwa na tamthilia kubwa, ya Riyadh, yenye nyumba ya zamani ya udongo na familia inayogombea urithi. Ndani yake kulikuwa na mlezi mzee, Yaya Salma, aliyewalea watoto wote wa nyumba ile. Ana jina. Ana sentensi kumi na moja. Mazin alimtaka Roza.

Rosebellah hakuuliza siku ngapi wala chakula kitatoka wapi. Aliuliza kitu kimoja. "Sauti ya nani?"

Mazin akacheka kwenye simu. Akasema, "Ukisema vizuri, yako. Tutapiga picha ndani ya ghala. Huko ndege hazipiti."

Hapo ndipo Madam Nawal alipoingia kazini. Kafili alikuwa ameshafariki, watoto wameoa, nyumba imebaki na wanawake wawili na kasuku. Madam akavaa miwani, akapokea maandishi kwenye simu yake, akatangaza kwamba Roza hatakwenda Riyadh kumwaibisha. Wiki tano walifanya mazoezi. Rosebellah anapiga pasi, Madam anasoma. Rosebellah anamenya vitunguu, Madam anasoma. Madam ndiye mtoto mkubwa, ndiye mke wa pili, ndiye kadhi, na kila mmoja alimpa sauti yake. Siku ya kugombea urithi aligombana na yeye mwenyewe mpaka kasuku akajificha. Lakini kwa Rosebellah alikuwa mkali. Kila herufi ya kooni itoke kooni. Kila mwisho wa neno usikike. Ile *mafi* alimkataza kabisa. Akamfinyanga mpaka Rosebellah akawa anasema "njoo ule, mwanangu" kama msomaji wa taarifa ya habari anayetangaza vita.

Nasi tuliosikia juu ya paa tulimsifu. Tulidhani ndivyo inavyotakiwa.

Wakapanda ndege kwenda Riyadh, wote wawili, kwa sababu Madam alisema mfanyakazi wake hasafiri bila mtu wa kumsahihisha. Ghala lilikuwa Al-Sulay, kule kwenye malori na mageti ya chuma, kila mtu anatoka jasho na kila kitu kimefungwa kwenye plastiki. Nje ni ghala la matairi. Ndani, nyuma ya matairi, wamejenga nyumba nzima ya udongo, na udongo wenyewe ni mbao nyembamba zilizopakwa rangi. Mlinzi wa pale alikuwa Mkenya wa Kitale, mtu mzima mwenye ndevu, jina lake Josphat. Kazi yake wakati wa kupiga picha ilikuwa kukimbia nje kuwanyamazisha wenye kupakia matairi. Yeye ndiye aliyenisimulia mengi ya huko, na yeye haongezi chumvi, hiyo kazi kaniachia mimi.

Josphat alifurahi kuona mtu wa kwao amekalia kiti chenye jina. Akamwita mathe. Akamletea maji. Akamuuliza, "Mathe, leo unakufa ama?"

"Leo naongea," Rosebellah akasema.

Akaongea. Alisema sentensi zake kumi na moja kwa siku tatu, na hakukosea hata herufi moja. Madam Nawal alikuwa kwenye kiti nyuma ya kamera, midomo inaenda pamoja naye. Lakini Josphat anasema kila alipofungua mdomo, ni kama umeme umekatika. Uso unasema jambo, sauti inasoma ubao. Yule anayeigiza mtoto mkubwa wa nyumba, kijana mmoja maridadi wa Riyadh anayeitwa Thamir, mabango yake yako kila barabara, alikuwa anamtazama Yaya Salma aliyemlea na anaona mwalimu wa Kiarabu.

Mazin hakupiga kelele. Siku ya tatu jioni alikaa karibu na Rosebellah, akashika kipara chake, akamwambia uso wake ni wa ajabu, kila mtu atalia. Kisha akasema maneno yatarudiwa studio.

Rosebellah akasema, "Halas." Madam Nawal ndiye aliyebishana, kwa robo saa, kwamba sarufi haikuwa na kasoro. Na haikuwa nayo, maskini. Aliiondoa kasoro yote, na mtu akaondoka nayo.

Usiku ule Rosebellah hakupiga simu nyumbani.

Ilibaki siku moja, na tukio moja lisilo na maneno. Katika kisa, baba wa nyumba amezikwa mchana. Thamir, mtoto mkubwa, amerudi, wageni wameondoka, anakaa peke yake barazani. Yaya Salma anamletea kahawa. Anammiminia, anaondoka, naye anabaki anatazama kikombe. Basi. Mazin alisema ni jambo la dakika moja, kisha watu wakale.

Sasa anayejua kahawa ya kule anajua. Dele, lile birika la kahawa, unalishika mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Unamimina kidogo, chini ya nusu. Mgeni akimaliza, unamimina tena. Huulizi. Hutazami ukutani, hutazami saa. Utaendelea kumimina mpaka mwenyewe atikise finjani mkononi, hivi na hivi, ndipo ujue ametosheka. Mtu asipotikisa, wewe huondoki. Kwa miaka ishirini na miwili Rosebellah amesimama mbele ya wageni wa Madam Nawal akiwa na dele, na hajawahi hata siku moja kumpa mgongo mtu ambaye hajatikisa.

Thamir mtoto wa watu hakutikisa. Yeye alikuwa anangoja yaya aondoke, kama ilivyoandikwa. Na yeye anakunywa kahawa yake kwenye gilasi za karatasi zenye kifuniko. Vikombe vya kutikisa ni vya kwa babu yake. Akanywa, akashusha mkono. Rosebellah akamimina. Thamir akamtazama, akanywa, kamera inaenda, afanye nini? Rosebellah akamimina. Akanywa cha tatu. Cha nne. Wengine wanasema vilifika saba. Mimi nasema kumi na tisa, na anayesimulia ni mimi.

Mazin alifungua mdomo kusema ikatwe. Mshika kamera, bila kuondoa jicho, akainua mkono kumzuia. Ghala zima likanyamaza, hata matairi. Thamir jasho limeanza kumtoka. Vidole vinatetemeka kwa kahawa kali na iliki, macho yanazunguka, anamtazama mwanamke huyu mfupi aliyesimama mbele yake na dele, haendi, hachoki, kama ukuta. Na Rosebellah naye amesahau kamera. Amesahau Yaya Salma, amesahau studio. Anaona tu kijana aliyezika baba yake leo, anakunywa kahawa na hajui kwamba amekunywa.

Akasema. Kwa sauti yake ile ya mchanga, kwa Kiarabu cha jikoni, na *mafi* ndani yake, na mwisho wa neno umemezwa, na Khayega nzima ikiwa nyuma yake:

"Tikisa kikombe, mwanangu. Usipotikisa, mimi siendi."

Thamir akatazama kikombe. Mkono ukaanza kutikisika, Josphat anaapa hakujua kama ni kutikisa au ni kutetemeka, kisha uso ukavunjika, na kijana wa mabango akalia kama mtoto aliyeanguka kwenye ngazi. Rosebellah akachukua finjani mkononi mwake, akaifuta kwa kona ya kitambaa chake, akaondoka.

Ndipo Mazin akasema kata. Na ndipo Rosebellah alipogundua alichofanya, akarudi mbio kuomba msamaha. Alidhani amewaharibia. Madam Nawal alikuwa amesimama, ameshika mdomo. Alisema kitu kimoja tu, na mpaka leo hajakisahihisha. "Roza, ile *mafi* iache hapohapo, usiitoe."

Lakini Mazin hakuahidi. Maneno yale hayakuwa kwenye maandishi, na alishasema sauti itatiwa. Wakarudi Jeddah bila kujua.

Yaliyotokea studio niliyasikia kwa Madam, aliyeyasikia kwa Mazin kwenye simu. Yule bibi wa sauti laini alirudia zile sentensi kumi na moja kwa saa moja, na katikati akanywa chai. Ikaja ile ya kumi na mbili. Akaijaribu. Maneno alikuwa nayo yote, lakini kinywani mwake ikawa kama mtu anayewaigiza wajakazi ili wageni wacheke. Akajaribu kuisahihisha, ikawa amri ya askari. Akajaribu kuilainisha, ikawa mapenzi. Walikaa nayo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mwisho akavua zile za masikioni, akaziweka mezani.

"Miaka yote nimemsemea huyu mama, na leo ndiyo mara ya kwanza namsikia," akamwambia Mazin. "Hii si yangu. Mwachie mwenyewe."

Wala hawajaonana mpaka leo, wanawake hao wawili.

Ramadhani ikafika. Tamthilia zile zinaoneshwa baada ya futari, saa ambayo sisi wote tuko kwenye masinki, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Ndiyo maana Rosebellah hakuwahi kujitazama akifa, hata mara moja, zote kumi na nne. Jioni ya siku ya kumi na nane alikuwa anasugua sufuria ya supu, Madam Nawal akaja mlangoni mwa jikoni. Hakusema sababu. Akamvua glavu za kuoshea kwa mikono yake mwenyewe, akamwongoza sebuleni, akamkalisha kwenye kochi ambalo kwa miaka ishirini na miwili alilipangusa tu. Wana wa Madam walikuwepo na wake zao. Yaya Salma alisema sentensi ya kumi, sauti laini. Akasema ya kumi na moja, sauti laini. Rosebellah akashika goti lake. Kisha ikaja baraza, na dele, na kijana. Vikombe vitano viliachwa, vingine wakavikata.

*Tikisa kikombe, mwanangu.*

Mke wa mwana mdogo wa Madam akageuka kumtazama Rosebellah kama ameingia sasa hivi.

Shirleen alikipata kipande kile kwenye simu kesho yake. Hakumwambia bibi yake ni nini. Akamwekea karibu na sikio, kitandani, mchana, kuku wakipiga kelele nje. Mama Damaris alisikiliza mlio wa kahawa ikimiminwa, mara ya kwanza, mara ya pili, akakunja uso. Ikaja sauti.

Akashika mkono wa mjukuu wake.

"Rudisha," akasema.

Shirleen akarudisha. Mama Damaris akauliza anasema nini. Shirleen akasema hajui, ni Kiarabu.

"Hata mimi sikijui. Anamwambia mtu aache ukaidi." Akaisogeza simu sikioni. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema na ng'ombe wetu mwekundu akikataa kusimama wakati wa kukamuliwa. Hapigi. Anamwambia tu, mimi siendi."

"Ndiye?" Shirleen akauliza.

"Ndiye. Rudisha tena."

Wakakirudisha mpaka simu ikaisha chaji, na Shirleen akatumwa kwa jirani kuichaji, na jirani akaja nayo mwenyewe ili asikie, na nyuma yake wakaja wanne. Jioni Mama Damaris akataka apigiwe Jeddah. Rosebellah alipokea akiwa juu ya paa, nami nikiwa upande wangu wa ukuta najifanya naanua soksi. Hakuna kulia, hakuna kuombana msamaha, watu wa Khayega si wa hivyo. Mama aliuliza tu yule kijana alikuwa na shida gani, na kama hatimaye alitikisa. Rosebellah akasema alitikisa. Mama akasema vizuri. Halafu akauliza kama yeye mwenyewe amekula.

Sasa huko Khayega Mama Damaris ana hadithi yake. Anawaeleza wote wanaokuja kumwona kwamba binti yake yuko Uarabuni, ameajiriwa na serikali, kazi yake ni kusimama mbele ya watoto wa wafalme walioshindwa kulia na kuwaliza. Siku moja Shirleen alijaribu kumwambia kwamba sivyo hasa. Mama Damaris akamwambia anyamaze, kwani yeye alikuwepo? Mimi nimeisikia hiyo hadithi, na sikubadili hata neno.